Juisi ya Nyumbani Bila Kutupa Nusu ya Tunda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanahusu juisi ya kila siku, ile inayosagwa jikoni kwa blenda na kuchujwa kwa chujio la kawaida. Kikombe kinachotajwa ni cha mililita 250, na kijiko ni cha chakula isipokuwa tumesema cha chai. "Machicha" hapa ni yale yanayobaki kwenye chujio, yawe ya nazi, ya karoti au ya nanasi.

Hasara kubwa iko wapi hasa? Kwenye maganda?

Hapana. Hasara kubwa iko kwenye chujio na kwenye jagi. Kwenye chujio, machicha hutupwa yakiwa bado yamelowa juisi. Kwenye jagi, watu watano wametengenezewa juisi ya watu kumi, na iliyobaki imelala kwenye friji mpaka ikachacha. Kwa hiyo kabla ya kuuliza machicha yafanyiwe nini, jiulize kwanza kwa nini umechuja, na kwa nini umesaga nyingi hivyo. Mapishi ya machicha yapo huku chini, lakini hayo ni ya mwisho, baada ya njia nyingine kushindikana.

Nisage kiasi gani ili isibaki?

Glasi ya kawaida hubeba mililita 200 hadi 250. Watu watano, glasi moja kila mmoja, ni lita moja na robo. Sasa tafsiri hiyo kuwa matunda.

Nanasi moja la kilo moja na nusu, ukishatoa ganda na moyo, hubaki na nyama ya gramu 700 hadi 800. Ukisaga na nusu lita ya maji unapata lita moja na ushee. Pasheni kilo moja, ambazo huwa kama 15 hadi 20, hutoa kikombe kimoja na nusu hivi cha nyama pamoja na mbegu, na hiyo inabeba lita moja na robo ya maji bila juisi kuwa nyepesi. Embe dodo mawili makubwa hutoa kama gramu 700 za nyama, na yanahitaji maji kiasi hichohicho. Machungwa ndiyo yanayodanganya: kilo moja hutoa mililita 400 hadi 450 tu, kwa hiyo lita moja ya machungwa matupu inataka zaidi ya kilo mbili.

Wakija wageni, usiongeze ukubwa wa jagi. Andaa jagi moja, na tunda la pili liwe limeoshwa tayari, lisagwe pale la kwanza linapokaribia kuisha. Tunda zima lililobaki litakaa siku kadhaa, juisi haitakaa. Wakati wa Ramadhani kosa hili huwa kubwa zaidi, maana anayefunga hupima kwa kiu ya saa kumi na moja jioni, kisha hunywa kwa tumbo ambalo tayari limepokea uji, tambi na viazi.

Sokoni nichague vipi?

Kuna matunda yanayoendelea kuiva baada ya kuchumwa: embe, papai, parachichi, pasheni, ndizi, stafeli na pera. Haya nunua ya viwango tofauti, mengine ya leo na mengine ya keshokutwa. Kuna mengine ambayo utamu wake unakomea shambani: nanasi, chungwa, ndimu na tikitimaji. Nanasi lililokatwa changa litageuka njano na kulainika kibarazani kwako, lakini sukari haiongezeki. Watu hulingoja wiki nzima, linaoza upande mmoja, kisha linatupwa. Nunua lililokwisha kunukia chini, kwenye kitako.

Pasheni iliyokunjamana haijaharibika. Imepoteza maji ya ganda tu, na ndani mara nyingi ni tamu kuliko ile laini inayong'aa. Inayovuja au yenye ukungu kwenye kikonyo ndiyo ya kuacha. Fungu la embe zilizobonyea linafaa sana kwa juisi, tena huuzwa kwa bei ndogo: kata palipobonyea ukiingia ndani kidogo, utumie kwingine. Ila tunda laini lenye ukungu usilikate upande na kuokoa upande. Ukungu huingia ndani kuliko unavyoonekana kwa juu, na tunda lenye maji mengi huusambaza upesi.

Ni lazima nichuje?

Kwa matunda mengi, hapana. Embe dodo au bolibo lililoiva, papai, parachichi, ndizi, tikitimaji na stafeli (ukishatoa mbegu kwa mkono) hayana sababu ya kuona chujio. Pasheni, pera na ukwaju yanahitaji kuchujwa kwa sababu ya mbegu. Embe lenye nyuzi nyingi pia, la sivyo mnywaji atabaki anachokonoa meno.

Nanasi liko katikati. Kinacholifanya liwe na makapi ni namna linavyosagwa: watu hutia maji yote kwa pamoja, vipande vinaogelea, visu vya blenda havivishiki. Tia nyama yote na maji nusu kikombe tu, saga dakika moja na nusu hadi mbili mpaka iwe kama uji mzito, ndipo uongeze maji yaliyobaki na kuzungusha sekunde kumi. Blenda yenye nguvu haitaacha kitu cha kuchuja. Blenda dhaifu itaacha machicha, lakini nusu ya yale uliyozoea.

Kuna faida nyingine. Shirika la Afya Duniani huhesabu sukari ya juisi kwenye kundi moja na sukari ya kuongezwa, ile ya kupunguza, ilhali sukari iliyomo ndani ya tunda zima haihesabiwi humo. Chujio linapoondoa makapi linaondoa pia nyuzilishe, na glasi inashuka haraka kuliko tunda lenyewe lingeliwa.

Nimechuja, na machicha bado yamelowa. Nifanyeje?

Fanya kama kwenye nazi. Hakuna mpishi wa Pwani anayetupa machicha ya nazi baada ya tui la kwanza, lakini huyohuyo atasaga nanasi, achuje mara moja na kumwaga machicha yanayotiririka.

Gawa maji yako mafungu mawili tangu mwanzo. Kama juisi inataka nusu lita, sagia robo lita, robo nyingine iweke pembeni. Chuja, ukisugua machicha kwa mgongo wa mwiko wa mbao dhidi ya chujio, usitikise tu. Rudisha machicha kwenye blenda, tia maji ya pili, zungusha sekunde kumi na tano, chuja tena kwenye jagi lilelile. Maji haya pia yanaosha blenda, ambayo kwa kawaida hubaki na vijiko kadhaa vya juisi kwenye kuta.

Kipimo cha kujua kama umemaliza ni ngumi. Chukua konzi ya machicha, ifinye. Yakitoka matone mfululizo, bado kuna juisi. Ikilowa ngozi tu na donge likakatika ukilifungua, basi. Kitambaa safi cha pamba au kifumbu cha tui hukamua kuliko chujio la plastiki, mradi kifumbu hicho hakijabaki na harufu ya nazi ya juzi.

Chujio lenye matundu madogo sana likiziba, watu hukata tamaa na kutupa kilichomo. Anzia chujio la matundu makubwa, kisha ndiyo ufuate la chai ikibidi.

Ganda na moyo wa nanasi ni karibu nusu ya nanasi. Vina kazi gani?

Moyo ni wa kusagwa pamoja na nyama. Ukate vipande vyembamba kama sarafu, kwa kukatisha nyuzi zake. Ukiukata kwa urefu, nyuzi ndefu hujizungusha kwenye visu na kubaki kama uzi kwenye jagi.

Ganda linataka usafi kabla ya kisu. Sugua nanasi zima kwa brashi chini ya maji yanayotiririka, kwa sababu kisu kinachopita kwenye ganda chafu hupeleka uchafu hadi kwenye nyama. Kisha weka maganda ya nanasi moja kwenye sufuria na maji lita moja na nusu, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba iliyopondwa, kijiti cha mdalasini na karafuu tatu. Ikichemka punguza moto, funika, acha dakika 25 hadi 30, kisha uchuje. Unaweza kuinywa hivyo ikiwa moto au baridi, lakini matumizi yake bora ni kuwa maji ya juisi inayofuata: poza kabisa, sagia nanasi au pasheni badala ya maji matupu, na sukari utapunguza karibu nusu. Ikitoka chungu, huenda imechemka zaidi ya saa nzima, au kuna vijicho vilivyooza ulivyoviacha.

Kuhusu maziwa: nanasi bichi lina kimeng'enya kiitwacho bromelini, kinachovunja protini. Ukichanganya juisi ya nanasi na maziwa ukaiweka friji, baada ya muda inakuwa chungu na kukatika, na jagi zima linamwagwa. Tia maziwa kwenye glasi wakati wa kunywa, au chemsha nanasi dakika chache kwanza, maana joto hukiua kimeng'enya hicho. Papai bichi lina tabia hiyohiyo. Juisi ya nanasi iliyobaki, isiyo na sukari, hulainisha nyama ngumu: nusu saa hadi saa moja inatosha. Ukilaza nyama humo usiku kucha, asubuhi utakuta uji.

Kichwa cha majani king'oe kwa kukizungusha kwa mkono, kianike siku mbili au tatu kidonda kikauke, kisha ukipande ardhini. Tunda litangoja mwaka mmoja na nusu au miwili, kwa hiyo usifute nanasi kwenye orodha ya sokoni.

Juisi yangu ya pasheni ina vidoa vyeusi na ladha ya ukali. Kwa nini?

Mbegu zimepasuka. Pasheni haisagwi, inatenganishwa. Tia nyama na kikombe kimoja cha maji vuguvugu (si ya moto) kwenye blenda, bonyeza na kuachia mara nne au tano, sekunde mojamoja, kwa kasi ya chini. Asiye na blenda, au wakati umeme umekatika, mchapo wa mayai unafanya kazi hiyo kwa dakika tatu, pengine vizuri zaidi. Chuja, rudia kwa maji ya pili. Mbegu zikishateleza na kuwa nyeusi tupu, bila ute wa njano, zimekwisha kutoa kila kitu. Ganda la pasheni halina kazi ya maana jikoni, lipeleke kwenye mboji.

Kokwa la embe linabaki na nyama nyingi. Nitaitoaje?

Usihangaike na kisu. Tumbukiza kokwa kwenye bakuli lenye maji ya juisi uliyokwisha kupima, yaache dakika kumi, kisha uyasugue kwa mikono safi, kama anayefikicha ukwaju. Maji yatageuka njano nzito, na hayo ndiyo unayosagia embe. Kwenye embe manne unaokoa karibu kikombe kizima.

Ganda la embe liache. Mwembe na mkorosho ni jamaa moja, na utomvu wa ganda huwasha midomo na ngozi ya watu wengine. Msimu ukifurika, saga nyama bila maji na uigandishe, kama ilivyoelezwa kwenye swali la friza.

Juisi ya machungwa inakuwa chungu ikikaa. Naifanyaje?

Uchungu huo unatoka kwenye mbegu zilizopasuka na kwenye ngozi nyeupe iliyo chini ya ganda, na aina nyingine za machungwa huzidisha uchungu saa chache baada ya kukamuliwa. Ukisaga chungwa kwenye blenda, menya mpaka weupe mwingi uishe, kata katikati na utoe mbegu zote. Ukitumia kamulio, usifinye mpaka ganda ligeuke nje ndani. Na kamua ya kunywa sasa hivi. Machungwa ni juisi ya papo hapo.

Chungwa lililotoka friji hutoa juisi kidogo. Liache nje lipoe ubaridi, lisukume mezani kwa kiganja mara kumi huku ukilibonyeza, ndipo ulikate.

Kabla ya kukamua, kwaruza rangi ya juu ya ganda kwa kikwaruzio chembamba, rangi tu, bila weupe. Igandishe kwenye kikopo. Nusu kijiko cha chai kwenye maandazi au keki ni tofauti inayonukia mpaka kwa jirani. Ganda lililobaki unaweza kulirundika kwenye chupa, ulifunike kwa siki nyeupe na kuliacha wiki mbili: ni dawa nzuri ya kusafishia sinki na vigae vyenye mafuta, ila isiguse sakafu ya terazo wala marumaru, kwa sababu asidi huila.

Ndimu zilizokamuliwa zina mwisho mzuri kuliko wote, nao ni achari. Nusu kilo ya maganda yake, chumvi gramu 50, pilipili upendavyo, na juisi ya ndimu ya kuyafunika, kwenye chupa ya kioo juani siku tano hadi saba, ukitikisa kila siku mpaka yalainike.

Na ukwaju?

Ukwaju hupotezwa na haraka. Gramu 250 na mbegu zake, lita moja ya maji vuguvugu, dakika 40. Fikicha, chuja. Kisha mimina nusu lita nyingine ya maji juu ya mbegu na nyuzi, ngoja dakika kumi, fikicha tena. Maji ya pili huwa na ukali wa kutosha kuchanganywa na ya kwanza bila mtu kutambua.

Usiloweke wala kuuchemsha kwenye sufuria ya alumini. Asidi huila alumini, juisi hupata ladha ya bati na sufuria hubadilika rangi. Tumia bakuli la plastiki ya chakula, kioo, au sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Rojo zito lililobaki lichemshe dakika kumi, liweke kwenye chupa safi friji, utalitumia wiki mbili kwenye mchuzi wa samaki, urojo au chatini ya bajia. Mbegu za ubuyu zioshe kwa utaratibu huohuo wa maji mawili.

Machicha ya karoti na biti nifanyie nini?

Haya ndiyo machicha yanayofaa zaidi kwa chakula, kwa sababu hayana uchachu na yanapenda moto.

Chapati: unga wa ngano gramu 500, machicha yaliyokamuliwa kikombe kimoja, chumvi kijiko kimoja cha chai, mafuta vijiko viwili. Kosa linalojirudia ni la maji. Unga huo peke yake ungekunywa kama mililita 300, lakini machicha yana maji yake, na chumvi huyatoa wakati wa kukanda. Anza na mililita 200, kanda dakika tano, acha dakika tano, ndipo uamue kama unaongeza. Anayemwaga yote mwanzoni hupata unga unaonata, akaongeza unga mkavu, na chapati zikatoka ngumu. Nyuzi ndefu za karoti pia huchana chapati wakati wa kusukuma, kwa hiyo zipige kisu kwanza.

Kwenye katlesi, machicha yanaweza kuchukua theluthi moja ya viazi. Kwenye keki, nusu kikombe kwa kila gramu 250 za unga. Kwenye mchuzi wa nyama au maharage, konzi mbili zikikaangwa na kitunguu hushika mchuzi vizuri. Ya biti hupaka rangi kila kitu, hata mkojo wa mlaji kesho yake, na hakuna ubaya. Majani ya biti pia ni mboga, yapikwe kama mchicha.

Kama juisi ilikuwa na tangawizi, saga tangawizi mwishoni na uichuje peke yake. Machicha yake yanatosha birika moja la chai, ilhali chapati yenye tangawizi si kila mtu anaitaka. Na usichanganye machicha ya matunda yote kwenye bakuli moja ukisema utajua mbele. Hutajua.

Machicha ya nanasi nayo?

Jamu. Gramu 500 za machicha, sukari gramu 350, juisi ya ndimu mbili, maji nusu kikombe. Pika moto mdogo ukikoroga dakika 25 hadi 35. Tone likiwekwa kwenye kisahani baridi na kusukumwa kwa kidole likajikunja, epua. Friji, mwezi mmoja, kwa kijiko kikavu kila mara.

Tikitimaji?

Usitie maji, lenyewe ni maji kwa asilimia 90 na zaidi. Weupe ulio kati ya nyekundu na ganda la kijani ukate vipande na uupike kama mumunye, kwa nyanya na tui. Juisi yake hubadilika ladha ndani ya saa chache, hivyo inywewe siku hiyohiyo.

Ninunue mashine ya kukamulia badala ya blenda?

Kama shabaha ni kupunguza taka, hapana. Mashine ya kukamulia kazi yake ni kutenganisha, kwa hiyo machicha yatakuwepo daima. Zile zinazozunguka kwa kasi huacha machicha mabichi kuliko zile zinazokamua polepole; yapitishe mara ya pili au uyafinye kwenye kitambaa. Mashine inafaa kwa karoti, biti, matufaha na tangawizi, ambavyo blenda huviweza kwa kuongezwa maji. Kwa embe na papai ni hasara tupu. Matufaha, toa mbegu, hazifai kusagwa.

Juisi inakaa siku ngapi?

Nje, isizidi saa mbili. Kukiwa na joto la Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili, hesabu saa moja. Kwenye friji ya nyuzi 4 au chini yake, saa 24 ni salama kwa karibu zote, na siku mbili kwa zile kali kama ukwaju na pasheni. Ijaze chupa mpaka shingoni, hewa ikiwa ndogo rangi na ladha hudumu. Iweke nyuma, kwenye baridi. Mlangoni ndiko kunakofunguka kila dakika.

Kujitenga, maji chini na makapi juu, si kuharibika. Koroga. Povu la juu pia ni juisi, linatokana na kusaga muda mrefu. Ngoja dakika kumi litulie badala ya kulimwaga.

Maji ya juisi yawe yamechemshwa au ni salama kwa kunywa, na barafu vilevile. Kuganda hakuui vijidudu vya maji machafu.

Umeme ukikatika, usifungue friji. Ikifungwa hukaa baridi kama saa nne. Friza iliyojaa huvumilia hadi saa 48, iliyo nusu saa 24.

Nagandishaje bila chupa kupasuka?

Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Acha sentimita mbili au tatu juu ya chombo, na usitumie chupa ya kioo yenye shingo nyembamba. Gandisha nyama iliyosagwa bila maji wala sukari. Maji utaongeza siku ya kunywa, na friza ya nyumbani haina nafasi ya kuhifadhi maji. Trei ya barafu ni nzuri kwa ukwaju, ndimu na tangawizi. Zikishaganda zihamishie kwenye kopo lenye kifuniko na uandike tarehe. Miezi mitatu inatosha. Watoto wakitaka barafu za vijiti, juisi ya jana isiyochacha inafaa kabisa.

Sukari inaifanya juisi ikae zaidi?

Hapana. Sukari huhifadhi ikiwa nyingi kama kwenye jamu. Vijiko vitano kwenye jagi ni chakula cha hamira tu. Tia sukari kwenye glasi. Juisi isiyo na sukari inaweza kuingia kwenye uji, mchuzi au kulowekea nyama. Yenye sukari njia zake ni chache.

Imeanza kutoa viputo. Naweza kuiokoa?

Viputo, kifuniko kinachofyatuka, harufu kali kama ya togwa lililolala: imechacha. Usiichemshe ukawapa watoto. Mwaga kwenye mboji.

Ukitaka siki, itengeneze kwa kukusudia. Maganda safi ya nanasi moja, sukari gramu 100, maji yaliyochemshwa na kupoa lita moja, kwenye chupa pana iliyofunikwa kwa kitambaa. Usifunge kifuniko, gesi itaipasua. Koroga kila siku kwa wiki moja, chuja, kisha iache wiki tatu au nne nyingine. Njiani hupita hatua ya kileo, hivyo usiitumie kabla haijawa siki kamili, kali puani. Utando mweupe laini juu ni wa kawaida. Manyoya ya kijani au meusi ni ukungu, mwaga yote.

Naweza kuwapa mifugo maganda?

Mbuzi na ng'ombe hula maganda ya nanasi, embe, ndizi na machicha ya karoti, yakiwa ya siku hiyo na kwa kuzoeshwa kidogokidogo. Sukari nyingi kwa ghafla hugeuza tumbo lao kuwa na asidi. Chochote chenye ukungu usiwape. Ganda, kokwa na majani ya parachichi ni sumu kwa mbuzi, sungura na kuku.

Kwa mboji, tia mafungu mawili ya vitu vikavu (majani makavu, maranda, maboksi yaliyochanwa) kwa fungu moja la maganda. Ikinuka, imelowa mno, ongeza vikavu na uigeuze. Maganda ya machungwa yakate vipande vidogo na yasiwe mengi, huchelewa kuoza.

Tangu nianze kuweka maganda jikoni, vijinzi vimejaa. Nifanyeje?

Mayai mengi huja na tunda lenyewe, kwa hiyo osha matunda yanapoingia nyumbani, si yanapotumika. Maganda ya kungoja kupelekwa nje yaweke kwenye kopo ndani ya friza. Mtego: glasi yenye siki vidole viwili na tone moja la sabuni ya maji, ifunikwe kwa karatasi yenye matundu ya ncha ya kalamu. Siki huwaita, sabuni huwazamisha. Osha pipa na shimo la sinki kwa maji ya moto, na uendelee na mtego kwa wiki mbili hata kama huoni kitu, kwa sababu yai huchukua kama siku kumi kuwa inzi, na wale unaowaona leo tayari wametaga.